Mizani ya Muuzaji

Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Ni methali ya kweli, na mwenye duka aliye mwaminifu hufarijika kila aisikiapo. Lakini hebu fikiri, ewe msomaji: ikiwa kitu ni kimoja na njia za kukitangaza ni mbili, ni njia ipi itakayokiuza zaidi? Hapo methali hunyamaza na watu huanza kubishana. Mmoja husema tangazo liandikwe kwa rangi nyekundu, kwa kuwa nyekundu huonekana kwa mbali. Mwenziwe husema liandikwe kwa rangi ya samawati, kwa kuwa samawati hutuliza macho. Aghalabu ubishi wa namna hii hukatwa na mwenye cheo au mwenye sauti kubwa, ijapokuwa cheo hakimfundishi mtu yaliyomo moyoni mwa mnunuzi, wala sauti haimfundishi.

Insha hii yakusimulia jinsi wanadamu walivyompata, polepole na kwa gharama, mwamuzi mwingine asiyejali cheo wala sauti. Mwamuzi huyo ni jaribio la mafungu mawili. Watu hugawanywa mafungu bila upendeleo, kila fungu huonyeshwa jambo lake, kisha matokeo huhesabiwa na kulinganishwa. Siku hizi majaribio ya namna hii hufanywa mchana na usiku katika kurasa za maduka ya mtandaoni, na yamkini wewe mwenyewe umekwisha kuwa katika moja ya mafungu hayo bila kujua. Walakini, mojawapo ya mifano yake ya kale iliyo mashuhuri haikutokea dukani. Ilitokea katika merikebu ya vita.

Kabla hatujapanda merikebu hiyo, yafaa tuelewe kwanza ugumu wenyewe ni upi. Tuseme mama mmoja auza maandazi karibu na kituo cha matatu. Katika wiki ya tatu ya mwezi aliuza maandazi 200 kwa siku. Wiki ya nne akapaka upya ubao wake na kuandika maneno mapya, akauza 260. Je, ubao ndio ulioleta faida? Labda ndio. Lakini wiki hiyo wafanyakazi walilipwa mishahara. Labda pia mvua ilikatika, watu wakatoka nje; labda jirani yake auzaye chapati alikwenda mazishini. Mambo manne yamebadilika pamoja, na mama wa watu amelishukuru moja tu. Jambo kutangulia jingine si hoja ya kulizaa. Ili ajue ukweli, ingempasa aone ubao wa kale na ubao mpya ukifanya kazi kwa watu wa namna moja, katika majira yale yale na hali ile ile. Hilo ndilo fumbo lote, na historia utakayoisoma hapa ni historia ya kulifumbua.

Katika karne ya 18 mabaharia wa Ulaya walikiogopa kiseyeye kuliko walivyoiogopa mizinga ya adui. Fizi za mgonjwa zilivimba na kutoka damu, meno yakalegea, makovu ya zamani yakafumuka kuwa vidonda, na mwisho wake ulikuwa kifo. Katika safari ya George Anson ya kuizunguka dunia, kati ya mwaka 1740 na 1744, zaidi ya watu elfu moja walikufa, na wengi wao waliuawa na maradhi hayo. Si kwamba matabibu walikosa dawa. Kila tabibu alikuwa na dawa yake, kila dawa ilikuwa na watu walioisifu, na kila mgonjwa aliyepona alihesabiwa kuwa ushahidi wa dawa aliyoinywa. Dawa zilikuwa nyingi. Kilichokosekana ni njia ya kuzilinganisha.

Tarehe 20 Mei 1747, tabibu wa merikebu iitwayo Salisbury, Mskoti kwa jina James Lind, aliwatwaa wagonjwa 12 wa kiseyeye ambao hali zao zilifanana kadiri alivyoweza kuona. Aliwalaza mahali pamoja, akawapa chakula cha namna moja, kisha akawagawa wawili wawili. Wawili walipewa mvinyo wa matofaa; wawili matone ya tindikali iliyozimuliwa; wawili siki; wawili maji ya bahari; wawili dawa ya kusagwa yenye kitunguu saumu na haradali; na wawili wa mwisho walipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yaliyokuwamo merikebuni yalikwisha baada ya siku 6. Hata hivyo, kufikia hapo mmoja wa wale wawili wa matunda alikuwa amepata nguvu za kurudi kazini, na mwenziwe alikuwa na nafuu ya kutosha hata akawekwa kuwauguza waliobaki.

Tazama, msomaji, ubora wa tendo hilo. Lind hakuuliza ni dawa ipi iliyosifiwa na vitabu, wala ni daktari gani mwenye jina kubwa. Aliziweka dawa bega kwa bega, siku moja na mahali pamoja, akazitazama zikishindana. Lakini utazame pia udhaifu wake. Watu 12 ni wachache, na waliogawanywa wawili wawili ni wachache zaidi. Tena Lind mwenyewe ndiye aliyewachagua na kuwagawa kwa macho yake, na macho ya mtu huweza kupendelea bila yeye kutaka. Hata yeye hakuuamini vya kutosha ukweli alioushika mkononi. Alipochapisha kitabu chake mwaka 1753 aliutia kati ya nadharia nyingine nyingi, na baadaye aliwahimiza watu watumie maji ya matunda yaliyokolezwa kwa moto, asijue kwamba moto huiharibu ile nguvu yenyewe iponyayo. Jeshi la wanamaji la Uingereza lilikubali kuwapa mabaharia wake maji ya limau mwaka 1795, yaani miaka 48 baada ya jaribio, na mwaka mmoja baada ya Lind kuiaga dunia. Katika miaka hiyo 48 ni mabaharia wangapi waliozikwa baharini hali ukweli umekwisha kuonekana? Kuupata ushahidi ni kazi moja. Kuukubali ni kazi ya pili, na aghalabu hiyo ya pili ndiyo nzito.

Sasa na tuondoke kwenye kitanda cha mgonjwa, twende kwenye meza ya muuzaji, maana katika biashara nako kulizuka haja ile ile. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wakulima wengi wa Marekani walikaa mbali na miji mikubwa. Wafanyabiashara wakabuni njia ya kuwauzia kwa posta. Aaron Montgomery Ward alianza biashara ya namna hii mjini Chicago mwaka 1872. Mnunuzi alisoma orodha ya bidhaa au tangazo, akatuma barua na fedha, akaletewa mzigo. Biashara hiyo ilikuwa na ajabu moja: muuzaji hakuuona uso wa mnunuzi. Mwenye duka la mtaani humwona mteja akisita, akitabasamu, akiondoka. Muuzaji wa posta huona barua tu. Ikiwa ametangaza katika magazeti kumi, atajuaje ni gazeti lipi lililomletea barua hizo?

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa nyepesi. Chini ya kila tangazo kulichapishwa kipande cha karatasi cha kukatwa, yaani kuponi, na katika kila kuponi kulitiwa alama yake ya siri, kama nambari au herufi iliyoongezwa kwenye anwani. Barua ilipofika, karani aliitazama alama ile akajua mara moja imetoka katika tangazo lipi. Basi tangazo likaweza kuhesabiwa kama kuku ahesabiwavyo kwa mayai yake.

Mtu aliyeipigia mbiu njia hii kuliko wengi alikuwa Claude Hopkins, aliyezaliwa mwaka 1866 katika jimbo la Michigan. Mwaka 1907 aliajiriwa na kampuni ya matangazo iitwayo Lord & Thomas mjini Chicago, na mwaka 1923 alichapisha kitabu kidogo, Scientific Advertising, ambacho wauzaji wangali wakikisoma hata leo. Hopkins alishikilia kwamba hukumu ya tangazo iko mikononi mwa wanunuzi, wala si ya wakubwa waliokaa kuizunguka meza wakipimana ufasaha. Kwake yeye, kabla ya kumwaga fedha nyingi katika tangazo moja, ilikuwa wajibu kulijaribu kwanza kwa fedha chache katika miji michache.

Lakini bado kulikuwa na kasoro. Mji huu si mji ule, na wiki hii si wiki ile. Tumekwisha kuliona jambo hilo kwa mama wa maandazi. Wachapaji ndio walioleta ufumbuzi. Baadhi ya magazeti yalianza kuwapa watangazaji nafasi ya namna ya pekee: katika toleo lile lile la siku ile ile, nakala moja ilitoka mtamboni na tangazo la kwanza, na nakala iliyoifuata ikatoka na tangazo la pili, hivyo hivyo zikipishana hadi mwisho. Magazeti yalipopakiwa na kusambazwa, nyumba mbili zilizotazamana zingeweza kupata matangazo mawili tofauti, kila moja na alama yake ya siri. Mvua iliyonyesha ilinyesha kwa wote. Mshahara uliolipwa ulilipwa kwa wote. Kilichobaki kuwa tofauti ni tangazo peke yake. Ukitaka kumjua babu wa majaribio ya kurasa za mtandao, ndiye huyo.

Hata hivyo swali moja lilibaki likiwasumbua watu makini. Tuseme tangazo la kwanza limeleta barua 50 na la pili limeleta barua 55. Je, la pili ni bora, au ni bahati tu? Jibu la swali hilo lilitoka shambani.

Kaskazini ya London, katika mahali paitwapo Rothamsted, pana kituo cha uchunguzi wa kilimo kilichoanzishwa mwaka 1843. Mwaka 1919 aliajiriwa huko mwanahisabati kijana, Ronald Fisher. Wakuu wa kituo walikuwa na hesabu za miaka mingi juu ya mbolea na mavuno, nao walitaka kujua ni mbolea ipi iliyo bora. Fisher aliona kwamba shamba halifanani pote: huku pana rutuba, kule panatuama maji, kwingine pana kivuli cha miti. Mtu akiichagulia mbolea mpya kipande cha ardhi kwa mapenzi yake, huenda akaipa mahali pazuri pasipo kukusudia. Basi Fisher alisema kura ipigwe. Kura haina rafiki wala jamaa. Itaipa kila mbolea nafasi sawa ya kuangukia penye rutuba na penye mawe, na zaidi ya hayo, itamwezesha mchunguzi kukadiria kwa hesabu ni tofauti kubwa kiasi gani ingeweza kuletwa na bahati pekee.

Kisa kilicho mashuhuri zaidi katika habari za Fisher ni cha chai, nacho kitakupendeza wewe uliyekulia katika nchi ya majani ya chai. Mwenziwe wa kazini, bibi mtaalamu aitwaye Muriel Bristol, alidai kwamba akionja chai aweza kutambua kama maziwa yalitangulia kutiwa kikombeni au chai ndiyo iliyotangulia. Wengine wangecheka au wangebishana. Fisher aliona kuwa lapimika. Vikombe 8 vilitayarishwa, vinne maziwa yakitangulia na vinne chai ikitangulia, vikachanganywa kwa kura na kupewa bibi aonje. Ziko njia 70 za kuvichagua vikombe vinne kati ya vinane, na ni njia moja tu iliyo sahihi kabisa. Kwa hiyo anayebahatisha atafaulu mara moja katika 70. Wasimuliao kisa hiki husema bibi huyo alivitambua vyote. Fisher aliueleza mfano wa vikombe hivyo katika kitabu chake, The Design of Experiments, cha mwaka 1935, bila kumtaja bibi kwa jina, na tangu hapo wanafunzi wa takwimu duniani kote wameinywa chai hiyo.

Turudi sasa kwenye barua zetu. Ikiwa watu 1,000 waliliona kila tangazo, na moja likaleta wanunuzi 50 na jingine 55, tofauti hiyo ni ndogo mno. Bahati huweza kuileta kwa urahisi, kama sarafu iwezavyo kuangukia upande mmoja mara kadhaa mfululizo. Lakini ikiwa watu 100,000 waliliona kila tangazo, na moja likaleta wanunuzi 5,000 na jingine 5,500, bahati peke yake haiwezi kuileta tofauti hiyo ila kwa nadra mno. Sehemu katika mia ni ile ile, 5 kwa 5.5, lakini uzito wa ushahidi si mmoja. Ndiyo sababu mchunguzi mwema huamua kabla ya kuanza ni watu wangapi atakaowahesabu, wala hakomei njiani siku ile anapoona jambo alipendalo linaongoza. Anayesimamisha mbio pale farasi wake alipotangulia hajui farasi gani ana kasi. Ajua tu ni yupi anayempenda.

Kompyuta zilipounganishwa kwa mtandao, mambo haya yote yalikutana: kulinganisha kwa Lind, alama ya siri ya Hopkins, na kura ya Fisher. Duka la mtandaoni huandaa ukurasa wake kwa sura mbili. Kila mgeni ajapo, mtambo humpigia kura kwa nukta moja na kumwonyesha sura mojawapo, kisha humkumbuka ili akirudi kesho aione sura ile ile. Mwisho huhesabiwa: katika kila wageni mia, wangapi walinunua? Kazi iliyomchukua Hopkins majuma, kwa karatasi, wino na posta, sasa yaweza kufanywa kwa siku chache bila hata mgeni kujua kwamba ameshiriki. Mwaka 2000 wahandisi wa Google walilitumia jaribio la namna hii kutaka kujua ni majibu mangapi yaonyeshwe katika ukurasa mmoja, na baada ya hapo njia hiyo ilienea katika makampuni makubwa ya mtandao.

Mfano mmoja wastahili kuelezwa kwa kirefu. Mwishoni mwa mwaka 2007, Seneta Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alikuwa akiwania urais wa Marekani. Aliyefungua tovuti yake alikutana kwanza na ukurasa wenye picha, kitufe, na ombi la kuandikisha anwani yake ya baruapepe. Anwani hizo zilikuwa mali kubwa, kwa maana kwa njia yake ndipo watu walipoombwa michango na kazi za kujitolea. Dan Siroker, kijana aliyetoka Google na kujiunga na kampeni hiyo, alipendekeza ukurasa ujaribiwe. Zikachaguliwa namna 4 za maneno ya kitufe, na picha na sinema fupi 6, yaani picha 3 na sinema 3. Zote zilipochanganywa zikawa sura 24 za ukurasa mmoja. Wageni 310,382 walipita, kila sura ikaonwa na watu wapatao 13,000.

Watumishi wa kampeni walikuwa na hakika. Walimjua mgombea wao kuwa msemaji hodari, na sinema mojawapo iliyomwonyesha akihutubia ndiyo iliyowapendeza kuliko zote. Lau uamuzi ungefanywa mezani, sinema hiyo ingeshinda kwa kura za wote. Matokeo yalipokuja, kila sinema ilikuwa imeshindwa na kila picha. Sura iliyoshinda ilikuwa na picha tulivu ya mgombea pamoja na mkewe na binti zao, na kitufe ambacho hakikumwamuru mgeni ajiandikishe, bali kilimkaribisha apate maelezo zaidi. Katika ukurasa wa awali, wageni 8.26 katika kila mia walijiandikisha. Katika ukurasa ulioshinda, 11.6. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 40.6. Siroker baadaye alikadiria kwamba tofauti hiyo ilileta anwani milioni 2.88 zaidi na michango ya dola milioni 60. Lisilohitaji kukadiriwa ni hili: wataalamu walioijua kazi yao, wenye nia njema na bidii, walikuwa karibu kuchagua vibaya, nao wasingejua kamwe kuwa wamekosa.

Jambo kama hilo lilitokea mwaka 2012 katika Bing, mtambo wa kutafutia habari wa kampuni ya Microsoft. Mfanyakazi mmoja alitoa wazo dogo juu ya namna ya kuonyesha vichwa vya matangazo. Wakubwa hawakuliona kuwa na maana, likakaa zaidi ya miezi 6 bila kuguswa, mpaka mhandisi mmoja alipolijaribu. Mapato yalipanda kwa asilimia 12, kiasi kilichozidi dola milioni 100 kwa mwaka katika Marekani peke yake. Mnyonge aweza kuwa na wazo jema. Ampaye nafasi ya kulithibitisha ni jaribio.

Usidhani, msomaji, kwamba njia hii yawafaa wafanyabiashara wa ng'ambo tu. Ilikuja kwetu, tena ikaingia darasani. Katika miaka ya 1990 mwanauchumi Michael Kremer na wenzake walifanya majaribio katika shule za msingi za wilaya ya Busia. Shule chache zilizochaguliwa kwa kura zilipewa vitabu vya kiada, nyingine zikangoja. Kila mtu angetarajia alama zipande. Kwa wastani hazikupanda. Waliofaidika ni wale wanafunzi waliokuwa hodari tangu mwanzo. Sababu moja ilikuwa kwamba vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ambayo kwa watoto wengi wa huko ilikuwa ya tatu. Kuanzia mwaka 1998 Kremer na Edward Miguel walijaribu jambo jingine katika shule 75: watoto walipewa dawa ya minyoo. Walieleza kwamba utoro ulipungua kwa kadiri ya robo moja. Mwaka 2015 wachunguzi wengine walizipitia upya hesabu hizo, wakapata makosa ndani yake, na mjadala mkali ukazuka juu ya ukubwa wa faida ile. Na hivyo ndivyo ipasavyo, kwa kuwa hesabu ni mali ya kila mwenye kalamu. Mwaka 2019 Kremer alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa kazi yao ya kuyatumia majaribio katika vita dhidi ya umaskini.

Sasa nimekusifia mizani. Sina budi kukuonya pia. Mwezi Juni 2014 ilitangazwa habari ya jaribio lililofanywa na Facebook kwa wiki moja ya Januari 2012. Watumiaji 689,003 walipunguziwa habari, wengine za furaha na wengine za huzuni, ili ionekane kama maneno yao wenyewe yatageuka. Yaligeuka kidogo sana. Lakini watu waliposikia walikasirika, wakauliza: ni nani aliyewapa ruhusa ya kuichezea mioyo yetu? Swali hilo ni la haki. Abiria wa merikebu, mnunuzi wa duka na mwanafunzi wa darasani ni watu. Si vipande vya ardhi.

Tena jaribio hujibu lile tu lililoulizwa. Muuzaji akiuliza, "Ni ukurasa upi utakaoniuzia zaidi leo?" atajibiwa hivyo, wala hataambiwa kama mnunuzi atajuta kesho. Ukurasa unaoficha gharama mpaka dakika ya mwisho, au unaokificha kitufe cha kujitoa, waweza kushinda kila jaribio na bado ukawa udanganyifu. Mizani hutaja uzito wa gunia. Haisemi kama gunia limeibwa. Hilo la pili latakiwa liulizwe na dhamiri ya mtu, na hakuna mtambo utakaomfanyia.

Basi turudi tulikoanzia. Tufanyeje kumsaidia yule mama wa maandazi? Hana kompyuta wala mwanahisabati, lakini ana mbao mbili na sarafu moja. Kila asubuhi na airushe sarafu: ikianguka upande wa kichwa atundike ubao wa kale, ikianguka upande wa pili atundike mpya. Aandike katika daftari maandazi aliyouza. Afanye hivyo kwa siku 60, zikiwamo za mshahara na za ukata, za mvua na za jua, kisha alinganishe. Hatahitaji kumwuliza mwenye cheo wala mwenye sauti kubwa.

Nawe, mwanafunzi, utakuwa mtu mzima katika ulimwengu ambao kila siku utapimwa na wengine, na kila siku utaombwa uamini neno la fulani kwa kuwa ni mkubwa. Uliza kwa adabu: jambo hili lililinganishwa na nini? Nani aliyegawa mafungu, na kwa kura au kwa macho? Walikuwa wangapi? Na ikiwa siku moja mizani itashikwa na wewe, kumbuka Lind, ambaye aliushika ukweli mkononi asiuamini. Uwe na ujasiri wa kuukubali ushahidi unapokupinga, na uwe na haya ya kutompima mwenzako kwa jambo ambalo usingependa kupimwa nalo.